Feni Zinazunguka, Skrini Nyeusi: Mwongozo Kamili wa Kompyuta Mpya Iliyokwama kwenye RAM

Umeunga kompyuta yako mpya sehemu kwa sehemu, au umeipokea stendi ya basi ikiwa imefungwa vizuri kwenye boksi. Unabonyeza swichi. Feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka, lakini skrini ni nyeusi tii. Au inawaka sekunde tano, inazima, inawaka tena yenyewe, inazima, kama mgeni anayesita mlangoni. Kila unayemuuliza anakujibu neno moja tu: RAM, yaani vile vipande vyembamba vya kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Huenda ni kweli. Ila kati ya mashine mpya nilizoletewa zikiwa na hukumu hiyo, zenye RAM mbovu kweli zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa na RAM nzima iliyokaa vibaya, iliyowekwa sloti (tundu refu la RAM) isiyo yake, au isiyopatana na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu. Nyingine hazikuwa na tatizo lolote: zilikuwa zinafanya kazi yao ya mwanzo na mwenyewe akazizima kabla hazijamaliza.

Wengi hukwama mahali pamoja. Wanabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, mashine inawaka au haiwaki, na hawajui kipi kimefanya nini. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia isiyo na hatari hadi yenye hatari, na kila hatua inagusa kitu kimoja. Usiruke.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kawaida.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Kitabu cha mazabodi, au nakala yake ya PDF kwenye simu. Tafuta kwa jina kamili lililochapwa kwenye mazabodi yenyewe, maana tofauti ya herufi moja ni mazabodi nyingine.
- Karatasi na kalamu. Msiidharau karatasi, tutaitegemea hatua ya 6.
- Spika ndogo ya mazabodi, ile ya duara yenye waya mbili. Ni ya bei ndogo na mafundi wengi wanayo droo nzima.
- Flashi ya GB 8 hadi 32.
- Kipande kimoja cha RAM ya aina ileile unachojua kinafanya kazi, ukipata wa kukuazima.
- Alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kama umeme wa mtaani kwako hukatika ovyo.
- Saa mbili au tatu ambazo hakuna anayekusubiri.

## Kwanza: una hakika ni RAM?

Skrini nyeusi haimaanishi RAM. Kuna makosa matatu yanayofanana nayo kama mapacha, na yanaangaliwa kwa dakika mbili.

Waya wa skrini. Kama una kadi ya grafiki, waya wa HDMI au DisplayPort uchomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kama huna kadi, hakikisha prosesa yako, ubongo wa kompyuta, ina grafiki ndani yake. Prosesa za Intel Core ambazo namba zake zinaishia na F hazina. Ryzen 5 5600 na 5500 za AMD pia hazina. Hapo hata ukinunua RAM ya dhahabu skrini itabaki nyeusi.

Waya wa umeme wa prosesa. Juu ya mazabodi, karibu na prosesa, kuna tundu la pini 8 ambalo si lile kubwa la pini 24. Likiachwa wazi, feni huzunguka kama kawaida na hakuna kingine kinachotokea. Waya wake umeandikwa CPU. Ule wa PCIe ni wa kadi ya grafiki, na hata kama unaonekana kutaka kuingia, usiulazimishe.

Skrini yenyewe. Iko kwenye HDMI 1 huku umechomeka HDMI 2? Usicheke, hutokea.

Kama mashine yako ni kompyuta mpakato mpya, angalia kwanza kama RAM yake imechomelewa kwenye mazabodi. Ikiwa hivyo, huna cha kutoa wala kurudisha. Zima kwa kushikilia swichi sekunde 30, chomeka chaja, ijaribu tena. Ikikataa, ipeleke ilikotoka ikiwa na dhamana yake, bila kuifungua.

## Hatua ya 1: Isikilize na uitazame

Mazabodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo, mara nyingi ukingoni karibu na tundu la pini 24, zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (grafiki) na BOOT (diski ya kuanzia). Mashine inapowashwa, taa hizi huwaka moja baada ya nyingine na kuzima. Ile inayogoma kuzima ndiyo inayosema wapi pamekwama. Ya kwetu leo ni DRAM.

Mazabodi za bei ya juu zina kidirisha cha tarakimu mbili. Kwenye nyingi zinazotumia BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) ya kampuni ya AMI, namba 55 maana yake ni kwamba haijaona RAM kabisa.

Kama huna taa wala tarakimu, chomeka ile spika kwenye pini zilizoandikwa SPEAKER au SPK. Kwenye mazabodi za ASUS, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni RAM haijaonekana. Mmoja mrefu na mitatu mifupi ni kadi ya grafiki. Kwenye kompyuta nyingi za Dell taa ya swichi ndiyo inayozungumza: ikimeta mara 2 rangi ya chungwa kisha mara 3 nyeupe, RAM haijaonekana, mara 2 kisha 4, RAM imeonekana lakini imeshindwa.

Kuna mtihani mmoja wa mafundi ninaoupenda. Ukishachomoa umeme kama hatua ya 3 inavyoeleza, toa RAM zote, rudisha umeme, washa. Mazabodi nzima isiyo na RAM italalamika kwa mlio au kwa taa. Ikilalamika, jua kwamba prosesa na umeme viko hai kiasi cha kuuliza "RAM iko wapi?". Ikikaa kimya kabisa huku spika imechomekwa sawasawa, tatizo lako liko kabla ya RAM: umeme, prosesa au mazabodi yenyewe. Okoa muda wako, usiendelee kuhangaika na RAM.

Onyo moja kuhusu taa ya DRAM: haisemi "kipande hiki ni kibovu". Inasema njia kati ya prosesa na RAM haijakamilika. Njia hiyo ina kipande, sloti, nyaya nyembamba ndani ya mazabodi, pini za soketi (kitako cha prosesa) na, mwishoni, sehemu ya ndani ya prosesa inayoendesha RAM. Wengi husoma taa hii na kukimbilia dukani kununua RAM nyingine.

## Hatua ya 2: Ngoja dakika 15 kwa saa

Kama RAM yako ni DDR5, kizazi kilichofuata DDR4, hasa kwenye mazabodi za AM5 (soketi ya AMD) zinazobeba Ryzen 7000 na 9000, hatua hii peke yake inaweza kumaliza shida yako.

Mara ya kwanza inapowaka, mazabodi huijaribu RAM waya kwa waya, ikipima ni wakati gani hasa wa kutuma na kupokea kila ishara. Kwa kasi za DDR5 nafasi ya kukosea ni finyu mno, kwa hiyo kipimo huchukua muda. Wakati wote huo skrini ni nyeusi na taa ya DRAM inawaka. Mashine inaweza hata kujizima na kujiwasha mara moja au mbili. Kwa macho imekufa. Kumbe iko kazini.

Kwa vipande viwili vya GB 16, mara nyingi huisha ndani ya dakika chache. Kwa vipande vikubwa, au vinne, inaweza kufika dakika 10 hadi 15. DDR4 haina subira ndefu hivyo. Ikipita dakika mbili tatu bila dalili, endelea na hatua zinazofuata.

Kwa hiyo washa, angalia saa, nenda kanywe chai. Usiguse swichi. Ukiizima katikati, au umeme ukikatika, kipimo kinaanza upya, na ndivyo mtu anavyoweza kukaa wiki nzima akiwasha na kuzima kila dakika mbili huku akilaani RAM isiyo na kosa.

Utajua imefaulu taa ikihama kutoka DRAM kwenda VGA, kisha BOOT, halafu nembo ya mazabodi ikatokea, au ujumbe unaokuomba ubonyeze F1 kuingia BIOS.

Kumbuka: kila utakapobadilisha kipande, sloti au kufuta BIOS, kipimo hiki kinarudiwa. Dakika 15 zinahesabiwa tena. Ndiyo maana nilisema saa mbili au tatu.

## Hatua ya 3: Kata umeme kabisa

Zima swichi ya nyuma kwenye pawa saplai, chomoa waya ukutani, kisha shikilia swichi ya kuwashia sekunde 10. Utaona feni zikitikisika kidogo au taa fulani ikififia. Huo ni umeme uliokuwa umebaki.

Sababu: hata kompyuta ikiwa imezimwa, maadamu waya uko ukutani, mazabodi inaendelea kupokea umeme mdogo wa akiba. Kuingiza au kutoa RAM ukiwepo umeme huo kunaweza kukiua kipande kizima kabisa, na hapo utakuwa umejitengenezea tatizo ulilokuwa unalitafuta.

Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa RAM, na rudia kila baada ya dakika chache. Shika kipande kwa kingo zake, usiguse meno ya dhahabu. Usifanyie kazi hii juu ya zulia.

Utajua umefaulu kusipobaki taa hata moja inayowaka kwenye mazabodi.

## Hatua ya 4: Soma lebo kabla ya kulaumu

Toa vipande vyote na usome stika zake kwa tochi, ukilinganisha na kitabu cha mazabodi.

DDR4 na DDR5 za mezani zote zina pini 288, lakini pengo la katikati liko mahali tofauti ili zisichanganywe. Kama kipande hakiingii, kigeuze upande. Kama bado, si aina yake. Usisukume, na tafadhali usichukue tupa.

Mtego mkubwa zaidi ni RAM za seva. Sokoni zipo nyingi, zimetolewa kwenye seva za zamani, na bei yake inashawishi. Za DDR4 zinaingia kwenye sloti ya kompyuta ya kawaida bila ubishi wowote, kisha mashine haiwaki milele. Angalia mstari unaoanza na PC4 kwenye lebo, mfano PC4-2400T-R au PC4-2400T-U. Herufi inayofuata kistari cha pili ndiyo ya kuangalia: U ni ya kompyuta ya kawaida, R ni ya seva. Ukikuta R, umemaliza uchunguzi. Irudishe.

Pia tazama ukubwa. Vipande vya DDR5 vya GB 24 na GB 48 vilikuja baada ya mazabodi nyingi kuwa zimeshatoka kiwandani, kwa hiyo mazabodi iliyokaa stoo muda mrefu inaweza kutovitambua mpaka BIOS isasishwe. Hilo lina hatua yake, ya 8.

Na kama vipande vyako viwili vilinunuliwa mbalimbali, hata kwa jina lilelile, si jozi. Ndani yake chipu zinaweza kuwa za aina tofauti. Mara nyingi vitaelewana. Visipoelewana, usishangae.

## Hatua ya 5: Rudisha RAM, na safari hii bonyeza

Kama ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu kwenye mwongozo huu, ningebakiza hii pamoja na ile ya kungoja.

Fungua vishikio vya sloti. Kwenye mazabodi nyingine kishikio kinachofunguka ni cha upande mmoja tu, ule mwingine umetulia, usiutese. Linganisha pengo la kipande na ukuta mdogo ulio ndani ya sloti. Kishushe wima. Sasa weka vidole gumba pande zote mbili za juu na ubonyeze upande mmoja hadi usikie "ta!", kisha mwingine. Nguvu inayohitajika ni kubwa kuliko moyo wako unavyokubali, hasa kwenye mazabodi mpya ambayo sloti zake bado zinabana.

Usikifunge kishikio kwa mkono. Kinatakiwa kijifunge chenyewe kipande kinapofika chini. Ukikisaidia, kitafunga hata kama upande mmoja umeelea, na macho yako yatadanganyika.

Utajua umefaulu ukipiga tochi kwa ubavu: mstari wa dhahabu umezama sawasawa pande zote, kipande hakijainama, na ukikitikisa kidogo hakichezi.

Mashine iliyosafiri kwa basi, tuseme kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, irudishiwe RAM hata kama muuzaji aliijaribu mbele yako. Saa nyingi za mtikisiko zinatosha kuinua upande mmoja kwa unene wa ukucha, na ukucha unatosha. Mimi mwenyewe niliwahi kumrudishia muuzaji jozi ya RAM mara mbili, nikagombana naye kabisa, kabla ya kijana wake kuchukua mashine, kubonyeza mara moja, na kunirudishia ikiwa inawaka. Sikuwa na la kusema.

Kama mazabodi inajipinda sana unapobonyeza, simama. Huenda viguzo vyake ndani ya kasha vimekosewa. Itoe, uiweke juu ya boksi lake la karatasi ngumu na ujaribu huko. Usiiweke juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa iliyokuja nao: sehemu yake ya nje inaweza kupitisha umeme.

Kuhusu kusafisha: RAM mpya kwa kawaida haihitaji. Lakini bidhaa iliyokaa kaunta miezi mingi kwenye miji ya pwani, kwenye unyevu na chumvi ya hewa, inaweza kuwa na ukungu mwembamba kwenye meno. Futa kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, acha ikauke dakika tano. Raba ya kufutia penseli, dawa ya mafundi wa tangu enzi, inafanya kazi kweli, ila iwe nyeupe laini, usugue taratibu mbali na mazabodi, na ufute vumbi lake lote. Kwenye sloti usiingize raba wala kitambaa. Na usipulize kwa mdomo. Pumzi ina mate.

## Hatua ya 6: Kipande kimoja, sloti moja, karatasi moja

Bado nyeusi? Hapa ndipo ubishi unapokwisha, kwa sababu hatukisii tena.

Toa vipande vyote ubaki na kimoja. Vibandike jina kwa kalamu kwenye kipande cha tepu: K1 na K2. Kwenye mazabodi ya sloti nne, sloti ya kuanzia ni ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, mara nyingi imeandikwa A2 au DIMMA2. Pacha wake ni ya nne, B2. Watu wengi huweka vipande kwenye ya kwanza na ya pili kwa kuwa zinafuatana, au ya kwanza na ya tatu kwa kuwa rangi imependeza, na mazabodi nyingi hazifurahii hilo. Kitabu chako ndicho chenye neno la mwisho.

Chora karatasini jedwali la majaribio manne: K1 kwenye A2, K2 kwenye A2, K1 kwenye B2, K2 kwenye B2. Kila jaribio: kata umeme kama hatua ya 3, weka, bonyeza hadi "ta!", washa, ngoja dakika 15 kama ni DDR5. Andika kilichotokea, hata kama ni "taa ya DRAM haikuzima". Usitegemee kichwa. Ukifika jaribio la tatu utakuwa umeshachanganya.

Sasa soma karatasi yako.

K1 inawaka, K2 haiwaki popote. K2 ni kibovu. Hapa, na hapa tu, unayo haki ya kusema "RAM imekufa".

Vyote vinawaka A2, hakuna kinachowaka B2. RAM zako ni nzima. Tatizo ni upande wa B: sloti, mazabodi, pini iliyopinda kwenye soketi, au feni ya prosesa iliyokazwa kupita kiasi. Tazama hatua ya 9. Usinunue RAM mpya, hata ukishauriwa vipi. Mazabodi chache hukataa kipande kikiwa B2 peke yake, kwa hiyo weka kimoja A2 na kingine B2 pamoja kabla ya kuhukumu.

Kila kimoja kinawaka peke yake, vikiwa viwili havitaki. Ni suala la kupatana au kasi. Nenda hatua ya 7, kisha ya 8.

Hakuna kinachowaka popote. Vipande viwili vipya kufa pamoja ni nadra sana. Fanya hatua ya 7, kisha jaribu kile kipande cha kuazima. Kikikataa nacho, acha kuitazama RAM. Anza kuitazama mazabodi na prosesa.

Wenye vipande vinne vya DDR5, nina habari msiyoipenda. Kwa Ryzen 7000, kasi rasmi ya AMD kwa vipande viwili ni 5200, na kwa vipande vinne inashuka hadi 3600. Boksi la RAM limeandikwa 6000, umenunua maboksi mawili, ukaweka yote, ukawasha ile kasi ya boksi: mashine ina haki ya kugoma. Kama unataka GB 64, nunua vipande viwili vya GB 32. Kama bado hujanunua, umeokoa pesa kwa kusoma aya hii.

## Hatua ya 7: Futa mipangilio ya BIOS

DDR5 kwa kawaida huanza na kasi ya 4800 na volti 1.1. Ile 6000 ya kwenye boksi ni kasi ya kuongezwa, mara nyingi kwa volti 1.35, na huwashwa kwa mpangilio unaoitwa XMP kwa upande wa Intel au EXPO kwa upande wa AMD. Kwa DDR4 ni vilevile: volti 1.2 kawaida, 1.35 ikiongezwa. Kama wewe au aliyeiunga mashine aliwasha mpangilio huo na mazabodi ikashindwa kuubeba, inaweza kukwama palepale kila inapowaka.

Kata umeme. Tafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1. Ziunganishe kwa ncha ya bisibisi sekunde 10. Kama huzioni, toa betri ya duara, CR2032, ngoja dakika 10, irudishe maandishi yakiwa juu.

Onyo kwa mwenye Windows iliyokwisha kuwekwa: baada ya hili, BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, inaweza kudai ufunguo wake wa kurejeshea. Kwa kawaida uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uhakikishe unao kabla, si baada.

Utajua umefaulu saa ikirudi nyuma na BIOS ikikuambia mipangilio imerejea ya kiwandani. Anza na kipande kimoja kwenye A2, bila XMP wala EXPO.

## Hatua ya 8: Sasisha BIOS

Kama inawaka kwa kipande kimoja, una bahati: ingia BIOS, tumia chombo chake cha kusasishia, kwa faili uliyoweka kwenye flashi.

Kama haiwaki kabisa, tazama nyuma ya mazabodi kama kuna kitufe cha Flashback. Hiki husasisha BIOS hata bila RAM wala prosesa, mradi pawa saplai imeunganishwa. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32. Faili lipewe jina ambalo mazabodi inalitambua: kwa MSI ni MSI.ROM, kwa Gigabyte ni GIGABYTE.bin, na ASUS huweka kijiprogramu cha kubadilishia jina ndani ya faili lenyewe. Flashi iingie kwenye tundu lililowekewa alama, si lolote ulilolikuta wazi. Bonyeza kitufe, taa itaanza kumeta.

Tumia UPS. Usiondoe flashi, usizime, usiguse mpaka taa iache kumeta yenyewe, hata ikichukua dakika 10. Umeme ukikatika hapa, unaweza kuharibu BIOS nzima.

Pakua faili la mazabodi yako hasa, pamoja na toleo lake. Gigabyte huchapa kitu kama REV 1.0 kwenye kona, 1.0 na 1.1 si lazima zitumie faili moja. Matoleo ya majaribio yaache.

## Hatua ya 9: Soketi, kwa tahadhari

Kama mashine imeungwa na duka na ina dhamana, ishia hapa uirudishe. Ukiendelea, wao wanaweza kusema pini ulizipinda wewe.

Anza na la kwanza: legeza skrubu za feni ya prosesa, kisha uzikaze upya kwa kupishana msalaba, kidogo kidogo, bila kukamia. Feni iliyobana upande mmoja inaweza kuinamisha prosesa kiasi cha kupoteza mgusano wa upande mzima wa RAM. Nimeona B2 ikifufuka kwa nusu mzunguko wa bisibisi.

Ikishindikana, toa prosesa. Kwenye Intel na AM5 pini ziko ndani ya soketi. Kwenye AM4, soketi ya AMD iliyotangulia AM5, ziko chini ya prosesa yenyewe, na usiing'oe feni yake kwa nguvu, izungushe kwanza ili isije na prosesa. Piga tochi kutoka pembe mbalimbali. Pini zote zinang'aa kwa mpangilio mmoja. Iliyopinda itang'aa peke yake. Kuinyoosha ni kazi ya fundi mwenye lenzi na mkono usiotetemeka.

## Hatua ya 10: Imewaka. Ijaribu kabla ya kushangilia

Ingia BIOS, hakikisha inaonyesha GB zote ulizonunua. Kisha weka Memtest86+, programu ya bure ya kupima RAM, kwenye flashi, na uianzishe kompyuta kutoka humo. Ikikataa kuanza, zima Secure Boot, ulinzi wa uwashaji ulio ndani ya BIOS, kwa muda. Iache imalize angalau mzunguko mmoja. Kwa GB 32 au zaidi, iache usiku.

Jibu linalokubalika ni makosa 0. Kosa 1 si "kidogo tu", ni faili zitakazoharibika kimyakimya na Windows itakayoonyesha skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT mwezi ujao.

Zikiwa 0, sasa washa XMP au EXPO, na urudie mtihani. Makosa yakija kwenye kasi hiyo tu, shusha kutoka 6000 hadi 5600 ujaribu tena. Kwa macho hutaona tofauti.

Kwenye AM5, kama kila asubuhi inakuchukua dakika kuwaka, tafuta ndani ya BIOS mpangilio uitwao Memory Context Restore uuwashe. Unaiambia mazabodi itumie vipimo vya jana. Mashine ikianza kuganda baada ya hapo, uzime, uvumilie.

## Ukilazimika kurudi dukani

Peleka vipande vyote viwili hata kama kibovu ni kimoja, maana viliuzwa kama jozi na vinabadilishwa kama jozi. Usivue stika wala bati la kupoozea. Peleka boksi, risiti, na ile karatasi ya majaribio. Muuzaji aliyezoea kusikia "RAM haifanyi kazi" hubadilika sura akionyeshwa kwamba K2 imekataa A2 na B2 huku K1 ikikubali kote.

Kisha omba mpya ijaribiwe mbele yako. Kama ni DDR5, dakika ya tatu muuzaji ataanza kunyoosha mkono kwenye swichi. Mzuie, mwambie bado 12.